Kikombe Alichokiweka Chini

Mmeniuliza sana, kwenye simu na hapa mlangoni, na kila mmoja nimempa kipande chake. Zuhura anajua habari ya mvua, Mercy anajua habari ya mazishi, na wengine mnajua tu kwamba tulikwenda wawili nikarudi peke yangu. Naandika mara moja ili nisisimulie tena. Yale ya kuomba ruhusa kazini na kufunga mizigo nayaruka. Naanzia kivukoni.

Likoni, kwenye foleni

Baba yetu alifariki nyumbani, nje kidogo ya Kaloleni. Alikuwa mgema. Miaka yote niliyomjua alipanda minazi asubuhi na jioni kushusha tembo, pombe ya mnazi, na tembo hilo ndilo lililonisomesha mpaka chuo kikuu. Ndilo pia lililomla kaka yangu Karisa.

Tuko wawili tu kwa mama yetu. Karisa ananizidi miaka tisa. Alikuwa fundi wa mawe mwenye mkono mzuri, kisha akawa mtu wa kuamkia mangwe, vile vibanda vya makuti wanakouza tembo, mpaka mkewe akamwacha, naye daktari akamwambia ini lake limechoka na halitavumilia tena. Mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya safari hii aliingia kanisa moja la mabati hapa Likoni, kwenye kikundi cha wanaume walioacha pombe. Kiongozi wao ni Mzee Yona, mlevi wa zamani. Tangu siku ile Karisa hakuonja.

Mimi siamini, mnanijua. Niliona kikundi kile kama mahali pa watu waliochoka kufikiri. Walikuwa na kanuni tatu. Usipite mbele ya mlango wa mangwe, hata njia ikiwa ndefu. Piga simu saa sita mchana kila siku umwambie mwenzako uko wapi. Na ile iliyonichekesha zaidi: chochote unachokunywa, hata maji, kiwe kwenye kikombe chako mwenyewe, ukijaze kwa mkono wako mwenyewe. Karisa alikuwa na kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa buluu uliobanduka rangi, amekifunga kwa kamba kwenye begi lake.

"Mungu gani huyu anayehitaji kikombe cha bati?" nilimuuliza siku moja.

"Mungu hakihitaji," alisema. "Mimi ndiye nakihitaji."

Asubuhi ile mvua ilikuwa kubwa na maji ya kivuko yalikuwa hayaonekani. Tulisimama kwenye foleni zaidi ya saa mbili, tumebeba mchele na unga wa matanga vichwani. Karisa alifungua kikombe akakishika mkononi akingoja mvua ipungue atafute chai. Mama mmoja wa baibui, muuza viazi karai, akapita akamtazama lile koti lake la mitumba, akadondosha sarafu ndani ya kikombe.

"Hapana, mama," Karisa akasema, "hiki ni cha kunywea."

"Basi kanywee chai, mwanangu. Usione haya. Sote ni wa Mungu."

"Mama, wallahi mimi si muombaji."

"We Mkristo unaapa wallahi?" Yule mama akacheka mpaka beseni likatikisika. Alikataa kuirudisha sarafu yake. Alitupa na viazi vinne, na ukwaju wa moto wa kuchovyea, akatupa pole za msiba alipoujua. Karisa alicheka naye. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu sikukisikia tena.

Changamwe, njia ndefu

Tulipofika Changamwe ilitupasa kubadilisha gari. Kuna kichochoro kinachokata moja kwa moja hadi upande wa pili, mwendo wa dakika tano. Karisa alisimama mwanzoni mwake.

"Hapa hatupiti."

"Kuna nini?"

"Pale kwenye bomba la maji, upande wa kushoto. Kwa Mama Dama."

Nilitazama. Kulikuwa na ukuta wa makuti na viatu vitatu vya wanaume mlangoni. Basi. Hata sauti hakuna.

"Kaka, umebeba gunia la mchele. Funga macho upite."

"Nikifunga macho ndiyo nitapaona vizuri."

Tukazunguka. Dakika arobaini kwenye matope, tukipita nyuma ya magodauni na mitaro iliyofurika, mimi nikihesabu kwa sauti kila dimbwi ili aone aibu. Nilimuuliza maswali yote niliyokuwa nimeyaweka: Kama Mungu amekuweka huru, mbona unakimbia ukuta wa makuti? Kama anakusikia ukiomba, mbona mikono yako inatetemeka mpaka leo?

Alihamisha gunia kutoka bega moja kwenda jingine.

"Yeye anasikia," alisema. "Mikono ndiyo haisikii."

Tulipofika kituoni, gari la Kaloleni lilikuwa limeondoka dakika chache tu zilizopita. Nilimgeuzia mgongo. Nilitaka ajue kosa lake.

Miritini, saa sita

Tulisogea kwa gari jingine mpaka Miritini tukakwama. Habari zilikuwa kwamba mto umejaa huko mbele, kwenye barabara ya Kaloleni na magari ya abiria hayaendi. Malori yalikuwa yamepangana kando ya barabara hadi macho yanapoishia. Tulikaa kwenye banda la mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri yalikuwa ya jana lakini mbaazi zilikuwa za moto, na nilikula kama mtu asiye na msiba.

Saa sita kamili Karisa akainuka, akasimama pembeni na simu. Nilimsikia: "Niko Miritini, mzee. Nimekunywa chai. Ndiyo, kwenye kikombe changu. Niko na dada yangu." Kisha akasikiliza, akainamisha kichwa, akasema amina. Haikuzidi dakika mbili.

"Anakuambia nini kila siku?" nilimuuliza.

"Leo? Ameniuliza nitakaa wapi wazee wakiletewa tembo. Kama nimepanga pa kukaa."

"Umepanga?"

"Nitakaa na wanawake jikoni. Nitachochea moto."

Nilicheka. Mwanamume wa Kigiriama, mzaliwa wa kwanza, amejificha jikoni kwenye mazishi ya babake.

Dereva mmoja wa lori la saruji, Mzee Athmani wa Magogoni, alitusikia tukisema Kaloleni akatupa nafasi mbele. "Mimi nakwenda. Mto ukikataa tutalala nao hapo hapo. Shikamoo zenu nimeshazipokea, pandeni."

Juu ya Mazeras

Lori lilikwama mara moja tu, lakini mara hiyo ilikula mchana wote. Vijana wa pale walitoka kusukuma, nasi tukasukuma pamoja nao, matope mpaka magotini. Kule watu wakikusaidia kusukuma hawachukui kitu. Mnakaa mnakunywa pamoja. Kibuyu cha tembo kikaletwa, na kata ya kifuu cha nazi. Harufu ile kwangu mimi ni harufu ya shati la baba. Sikujua kwa Karisa ni nini mpaka nilipomwona ameshika mlango wa lori kwa mikono yote miwili.

Kata ilipomfikia alisema, "Asanteni, ndugu zangu, mimi nimeacha." Akaenda kwenye pipa la maji ya mvua, akachota kwa mkono wake, akanywa kikombe kizima, akachota tena.

"Ameokoka huyo," mmoja akasema. "Akifika mbinguni atakuta Mungu amelinywa lote." Wakacheka. Karisa naye alitabasamu, midomo imekauka.

Lori liliondoka, Mzee Athmani akabadilisha gia. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi maisha yangu pombe sijaionja. Nilizaliwa ndani ya nyumba isiyokuwa nayo. Kwa hivyo sidhani kama mimi nimeshinda kitu. Wewe uliyeijua ukaiacha, wewe ndiye uliyefunga." Alimaanisha saumu. Karisa aligeuza uso dirishani.

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza na kujifunza. Badala yake nilikuwa nikiwaza jinsi ya kumtoa kwenye kanuni zake bila yeye kuumia.

Nyumbani

Baba alizikwa kesho yake mchana. Kabla ya hapo lilitokea jambo ambalo mtu asiye wa kwetu ataliona dogo.

Kwetu, anayekukaribisha tembo huonja kwanza mbele yako. Hivyo unajua ni salama na umekaribishwa kwa moyo. Baba akiwa hai, yeye ndiye aliyeonja. Baba amekufa, mwenye nyumba sasa ni mzaliwa wa kwanza. Asipoonja, wazee hawanywi, wasipokunywa, hawaketi, wasipoketi, hakuna anayewashauri wachimbaji wala anayesimama kichwani pa kaburi. Mwanamke haonji. Ningeonja mimi kama ingekubalika, hilo nalisema mbele yenu.

Baba mdogo Mwambire alimfuata Karisa jikoni. Si mtu mbaya. Alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka.

"Karisa, wazee wamesimama tangu asubuhi."

"Baba mdogo, wewe uonje. Wewe ni ndugu yake."

"Mimi nionje huku mwanawe yuko ndani anachochea moto? Waseme Mwambire amemnyang'anya mtoto nyumba kabla babake hajafukiwa? Ni tone moja, mwanangu. Sikuambii unywe."

"Kwangu hakuna tone moja."

"Basi babako atazikwa na nani? Na watoto wa shule?"

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Alijifunika uso kwa leso, na hilo lilikuwa zito kuliko maneno ya Mwambire.

Nikamvuta Karisa nyuma ya nyumba. Nilikuwa na jawabu, nami nilijiona mwerevu. Nilimwambia: kibuyu hakionyeshi kilichomo. Nitajaza kibuyu cha wazee wa mbele kwa madafu. Utachota kata, utaonja, utairudisha. Kisha tutabadilisha kibuyu wakati wa kumimina. Wao watakuwa wameona walichotaka kuona, na wewe utakuwa umekunywa maji ya nazi.

"Si kikombe changu," alisema.

"Kaka, ni kifuu cha nazi. Shetani hakai kwenye kifuu."

"Na si mkono wangu."

"Ni mkono wangu mimi. Huniamini?"

 Kikombe kilikuwa kinaning'inia kwenye mshipi wake. "Nakuamini," alisema. "Wewe hujawahi kunidanganya. Lakini kuonyesha watu nakunywa, hata kama sinywi, nako ni kitu. Vijana wa hapa wananitazama."

"Mama naye anakutazama."

Hilo ndilo lililomshinda. Alikifungua kikombe kwenye mshipi akakiweka chini, juu ya jiwe la kusagia, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Nilipasua madafu matano mwenyewe. Nilijaza kibuyu mwenyewe, kile kirefu chenye shanga shingoni kilichokuwa cha baba, nikakiweka mlangoni mwa ghala nikaenda kumwambia Mwambire kwamba Karisa amekubali. Sikuwa mbali kwa zaidi ya muda wa kumsalimia mtu.

Shangazi Kadzo alinisimulia baadaye, akidhani nitamsifu. Alipita ghalani akainua kibuyu cha ndugu yake kukifuta vumbi, akanusa. Madafu! Ndani ya kibuyu cha mgema, siku ya kuzikwa kwake! Alidhani wasichana wa jikoni wamekosea na ukoo mzima utaaibika. Akayamwaga. Akakijaza kwa tembo lililokuwa limebaki kwenye mtungi wa baba, lile la mwisho alilolishusha mwenyewe kabla ya kuugua. Shangazi alilitunza kwa ajili ya siku hiyo. Alifanya kwa mapenzi, na mtu mwingine yeyote wa nyumba ile angefanya vilevile.

Karisa alisimama uwanjani mbele ya wazee. Alichota. Aliniangalia mimi, nikamwitikia kwa kichwa kumwambia ni sawa. Akatia mdomoni.

Niliona alipojua. Macho yake yalibaki kwangu. Angeweza kutema, lakini kwetu kutema mbele ya jeneza ni kumlaani marehemu, na mama alikuwa ameinua leso anaangalia. Alikaa nalo mdomoni, sijui kwa muda gani. Kisha akameza.

Wazee wakaketi. Mtu mmoja akasema, "Sasa tumefika." Baba akazikwa vizuri, kila mtu alisema hivyo.

Saa sita ilikuwa imepita. Nilimtafuta Karisa nikamkumbusha simu ya Mzee Yona. Alikuwa ameketi kwenye duara la wazee, kata ya pili mkononi.

"Nitamwambia nini?" alisema.

"Mwambie ni mimi. Mwambie ilikuwa makosa."

"Tone lile lilikuwa lako, Sidi," alisema kwa upole, bila hasira hata chembe. "Hili ni langu."

Kurudi

Siku tatu nilimngoja. Kila asubuhi alisema twende kesho. Siku ya nne alfajiri nilimkuta chini ya mnazi ulio karibu na kaburi, amejifunga kamba ya baba kiunoni, kisu cha kugemea mkononi. Minazi haiwezi kuachwa, alisema. Ikiachwa bila kukatwa ncha za maua kila siku, maji yanakoma. Mtu lazima apande.

"Karisa, ini lako."

"Najua." Akaanza kupanda.

"Basi ngoja. Tuombe," nikasema. Mimi! Sijui lilitoka wapi. Alishuka hatua mbili alizokuwa amepanda, akasimama akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa zaidi.

"Wewe huamini, Sidi. Usiseme kwa ajili yangu. Nimechoka na vitu vya kuonyesha watu."

Nilichukua kikombe juu ya jiwe la kusagia. Kilikuwa na maji ya umande ndani na mdudu mmoja mdogo. Nilimpelekea. Aliniambia nikirudishe Likoni, kisije kikapigwa teke na mbuzi.

Njia ya kurudi haina masimulizi. Mto ulikuwa umeshuka, gari halikukwama popote, nilifika Miritini kabla ya chakula cha mchana. Changamwe nilishuka kubadilisha gari nikajikuta mwanzoni mwa kile kichochoro. Hakuna aliyekuwa nami. Mimi sinywi, ukuta ule wa makuti hauna shida nami. Lakini nilizunguka. Dakika arobaini, matope yamekauka sasa, na kila hatua nikaelewa kitu ambacho miaka minne ya chuo haikunipa: kwamba nilizichukulia kanuni zile kuwa za mtu asiyefikiri, kumbe alikuwa amezifikiria kwa mwili wake mzima, mlango kwa mlango, na hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye mahali palipo na shimo.

Likoni tena

Nilikwenda kwa Mzee Yona kabla ya kufika nyumbani. Alikuwa akifagia kanisa. Nilimsimulia yote, madafu, shangazi, kata ya pili. Nilitaka anikaripie. Alisikiliza, akaweka ufagio.

"Ulitaka kumsaidia," alisema.

"Nilitaka kuonyesha kwamba hana haja na kikombe."

"Eeh," akasema. "Hilo nalo."

Alinipeleka nyuma ya mimbari. Kuna rafu ya mbao pale, nami sikuwahi kuiona kwa sababu sikuwahi kupita mlangoni. Kulikuwa na vikombe saba, vya plastiki, vya bati, kimoja cha udongo. Vya waliorudi kunywa. Haviandikwi majina. Kila Jumapili vinaoshwa, vinafutwa, vinarudishwa. Kimoja kimekaa pale miaka mitano.

"Na mwenyewe akifa?" niliuliza.

"Wawili wamekufa. Vyao navyo tunaosha." Akakipokea kikombe cha Karisa akakiweka mwisho wa mstari. "Mimi changu kilikaa hapa mara tatu, binti yangu."

Sijaokoka, msianze kuulizana. Bado nina maswali yote niliyokuwa nayo, na mengine mapya. Lakini Jumapili nakwenda mapema kuosha vikombe, kwa sababu hilo ni jambo ninaloweza kulifanya bila kudanganya. Na kila siku saa sita namtafuta Karisa kwenye simu. Mara nyingi inaita mpaka inakatika. Mama anasema amekonda, macho yamekuwa manjano, lakini anapanda kila asubuhi na kila jioni, hajakosa hata siku moja. Ana nidhamu bado, kaka yangu. Ndiyo inayoniumiza.

Juzi alipokea. Nilisikia upepo, na kitu kikigonga gonga, nadhani ni kibuyu kiunoni mwake. Alikuwa juu. Hatukusalimiana.

"Kipo?" aliuliza.

"Kipo. Nimekiosha jana."

 Nilimsikia akimeza mate.

"Usimpe mtu," alisema, na simu ikakatika.